Saa nne ya nani? Kisa cha ziara ya siku moja Cairo

Saa kumi na nusu jioni, Ijumaa moja ya Januari, basi dogo lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara ya al-Azhar jijini Cairo, mlango wazi, dereva keshashika usukani. Viti vya mbele walikaa wazee wanne waliokuwa hapo tangu saa tisa. Nyuma yao watu kumi waliofika saa kumi kamili. Viti vitatu vilikuwa vitupu. Wenyewe, akina mama watatu, walikuwa ndani ya vichochoro vya Khan el-Khalili wakipatana bei ya sinia la shaba bila haraka yoyote, maana kwa hesabu yao walibakiwa na saa tano na nusu. Wote 17 walikuwa wamesikia tangazo lilelile moja.

Kundi lenyewe ni la aina inayojulikana: watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaorudi kutoka Umra kwa kupitia Cairo. Walilala usiku mmoja katika hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, na ndege ya kuwarudisha nyumbani iliondoka saa saba usiku. Badala ya kushinda hotelini wakanunua ziara ya siku moja, yenye basi na mwongozaji. Kundi hili tumelisuka kutokana na makosa yanayojirudia katika safari za namna hii, ndiyo maana halina majina. Mahali, njia na nyakati za sala ni za kweli, na dakika tumezigawa jinsi siku kama hiyo inavyokwenda.

Mtu akirudi na ziara iliyoharibika Cairo, kwa kawaida hulaumu foleni. Siku hii foleni haikuwa na hatia. Basi liliondoka hotelini saa moja na dakika 50 asubuhi na kufika uwanja wa ndege saa kumi na mbili na dakika 45 jioni, jumla dakika 655. Barabarani zilitumika dakika 210, ambazo kwa jiji la ukubwa ule ni neema. Kasoro tuitafute kwingine.

Karatasi ya programu

Programu waliyopewa ilikuwa na mistari sita: Giza kwenye piramidi na sanamu ya Sphinx, duka la mafunjo (karatasi za kale za Misri), chakula cha mchana, Cairo ya Kiislamu, soko la Khan el-Khalili, kurudi. Kaburi la Imam Shafi halikuandikwa popote. Wanakundi walipouliza kabla ya kulipa, walijibiwa kwa mdomo kwamba hilo limo ndani ya "Cairo ya Kiislamu".

Maneno hayo yana mipaka yake kwa watu wa kazi hiyo. Mwongozaji wa Cairo akiyasikia anafikiria mtaa wa al-Muizz, msikiti wa al-Azhar, pengine Ngome ya Salahuddin na msikiti wa Sultan Hassan. Makaburi ya kusini hayamo mpaka yaombwe. Lakini kwa mtu wa Pwani aliyefundishwa kutawadha na kuswali kwa madhehebu ya Shafi tangu chuoni, kufika Cairo bila kumzuru Imam ni sawa na kwenda harusini usimwone bibi harusi. Kiswahili chenyewe kinachangia utata huu, kwa kuwa ziara ni kutembelea mahali, na ziara ni kuzuru kaburi la mja mwema. Aliyeuza aliuza maana ya kwanza, walionunua walilipia ya pili.

Ramani inaeleza kwa nini jambo hilo halikuweza kutatuliwa palepale. Imam Muhammad ibn Idris al-Shafi alifariki mwaka 820, na mji alioishi haukuwa Cairo hii. Ulikuwa Fustat, kambi iliyogeuka mji, iliyoanzishwa na Amr ibn al-As miaka ya 641 na 642 baada ya Waislamu kuiteka Misri. Al-Qahira, mji ulioipa Cairo jina lake, ulijengwa na Jawhar, jemadari wa Wafatimiya, mwaka 969, miaka 149 baada ya kifo cha Imam, kaskazini ya Fustat. Al-Azhar ilianzishwa mwaka uliofuata kama msikiti wa jamii wa mji huo mpya. Kwa hiyo Imam yuko makaburini kusini, al-Azhar iko kaskazini, na kati yao ni kama kilomita 4 kwa mstari ulionyooka, zaidi ya hapo kwa basi. Anayefikiri kwamba akishuka al-Azhar atatembea kwa miguu hadi kwa Imam hajaitazama ramani.

Giza yenyewe iko kusini-magharibi, ng'ambo ya Nile, na uwanja wa ndege uko kaskazini-mashariki. Ukiunganisha vituo hivi kwa uzi, vinapangika karibu kwa mfuatano: Giza, Imam, al-Azhar, uwanja wa ndege. Programu iliyouzwa iliruka cha pili ikaenda cha tatu, kisha ikalazimika kurudi nyuma.

Giza, na dirisha lisilopokea noti

Asubuhi ilianza vizuri. Ijumaa ni siku ya mapumziko Misri, na kabla ya Adhuhuri barabara huwa nyeupe. Safari ambayo siku ya kazi ingekula saa moja na nusu ilikwisha kwa dakika 50. Saa mbili na dakika 40 basi lilikuwa langoni Giza.

Hapo wakasimama dakika 45. Kiongozi wa kundi alikuwa na pesa ya tiketi zote mfukoni, dola na riyali zilizobaki za Makka, na dirisha halikutaka hata moja. Tangu 2023 sehemu nyingi za mambo ya kale Misri huuza tiketi kwa kadi ya benki tu. Mwongozaji akatoa kadi yake, ikapita tiketi tisa, ya kumi ikagoma kwa kuwa amefika kikomo cha siku. Kadi mbili za wanakundi zilikataliwa: benki nyingi za kwetu hufunga malipo ya nje ya nchi mpaka mwenye kadi aombe yafunguliwe, na ombi hilo hufanywa kabla ya safari, si mbele ya dirisha. Pesa iliyo kwenye simu haikusaidia chochote. Mwishowe kijana mmoja mwenye kadi iliyofunguliwa akamlipia kila aliyebaki, na kuanzia hapo hadi Mombasa akawa anadai watu.

Dawa yake haina ugumu: tiketi zinunuliwe mtandaoni siku moja kabla, au wakala azilipie na kuziingiza kwenye bei. Kama itabidi kulipa dirishani, ziwepo kadi mbili za benki tofauti zilizojaribiwa, hata kwa kununulia maji uwanja wa ndege. Noti za pauni za Misri ziwepo pia, lakini kwa kazi nyingine. Chenji ndogo, ambayo Wamisri huiita fakka, ndiyo inayofungua siku: noti za 5, 10 na 20 kwa mwangalizi wa viatu msikitini, kwa msafishaji choo, kwa aliyekubebea mfuko. Bakshishi ni neno letu na ni neno lao, ila kwao inaombwa mara nyingi zaidi. Ukitoa noti ya 200 usitegemee kurudishiwa.

Kwenye uwanda wenyewe walikaa dakika 110, na hazikuwa haba. Piramidi kubwa, ya Khufu, ina urefu wa mita 230 kila upande wa kitako, hivyo kuizunguka ni zaidi ya mita 900 za mchanga na mawe. Kuingia ndani kunalipiwa tiketi ya peke yake. Hatulipendekezi kwa wazee hata kidogo. Njia ya kupandia kwenda juu ina urefu wa karibu mita 39, mwinuko wa nyuzi 26, na dari yake ni mita 1.2 tu kutoka sakafuni, maana yake mtu anapanda akiwa ameinama kama yuko rukuu, huku wengine wanashuka kwa njia hiyohiyo. Mzee mwenye magoti mabovu akikwama katikati, anakwamisha kila aliye nyuma yake. Katika kundi hili waliingia wawili tu, vijana, na uamuzi huo wa mwongozaji ulikuwa sahihi.

Kilichowatesa wengine ni baridi. Asubuhi ya Januari Cairo hushuka hadi kama nyuzi 10, na pale juu upepo wa jangwa haupingwi na kitu. Watu walikuwa wametoka Makka na kanzu nyepesi na makubadhi. Masweta yalikuwa chini ya basi, ndani ya mabegi yaliyofungwa kwa kamba tayari kwa ndege.

Saa moja ya mafunjo

Saa tano na nusu basi liliegeshwa mbele ya duka la mafunjo. Ilipoandikwa kwenye programu ilionekana kama kituo cha elimu, na dakika kumi za mwanzo ni za elimu kweli: bua linamenywa ganda la kijani, linapasuliwa vipande vyembamba, vinalowekwa, vinapangwa safu moja wima na nyingine mlalo, vinagandamizwa mpaka vishikane. Karatasi ya kweli ukiielekeza kwenye mwanga unaona msalaba wa nyuzi, na ukiikunja haivunjiki; za mtaani zilizotengenezwa kwa majani ya ndizi hupasuka. Dakika 50 zilizobaki zilikuwa za kuuza. Duka humpa kamisheni aliyeleta wateja, na bei ya chini ya ziara mara nyingi hufidiwa hapo. Si wizi, ni biashara, lakini mnunuzi wa ziara ana haki ya kusema tangu mwanzo kwamba hataki kituo cha ununuzi, na kukubali kwamba bei itapanda kidogo.

Saa sita na dakika tano adhana ikasikika, na sura za watu zikabadilika. Ilikuwa Ijumaa. Kadiri ya nusu ya kundi walikuwa wamewaambia wenzao kwa simu kuwa leo wataswali Ijumaa al-Azhar. Sasa wamesimama kati ya picha za Tutankhamun, kilomita nyingi kutoka al-Azhar.

Ustadhi aliyekuwa na kundi akatuliza: msafiri hana faradhi ya Ijumaa, ataswali Adhuhuri kwa kupunguza na anaweza kuikusanya na Alasiri. Kisheria hilo halina mgogoro. Lakini jibu la fiqhi halikuwa jibu la swali lililoulizwa. Walichouliza watu ni kwa nini mtu aliyejua kuwa siku ni Ijumaa, na kundi ni la watu waliotoka Umra, alipanga saa sita ya mchana iangukie dukani. Jibu ni kwamba hakuna aliyepanga. Karatasi ileile hutumika siku zote saba, kwa makundi yote, na huko Giza duka hufuata piramidi kama mkia.

Walikula na kuswali kwenye chumba cha mkahawa mpaka saa saba na dakika 40, kisha saa nzima njiani, maana baada ya Ijumaa familia za Cairo hutoka matembezini na barabara hazikuwa zile za asubuhi.

Tangazo

Saa nane na dakika 40 basi liliwashusha al-Azhar. Mwongozaji alisimama kwenye ngazi ya basi na kutoa maelekezo kwa Kiarabu cha Misri, haraka haraka, dereva akipigiwa honi nyuma. Muda wa kila mtu kutembea peke yake, kisha wakutane hapahapa, "es-saa arbaa". Ustadhi akageuka na kuwatafsiria wenzake: "Tukutane hapa saa nne."

Neno kwa neno, tafsiri ni sahihi. Arbaa ni nne. Tatizo ni kwamba Mwarabu anaanza kuhesabu saa zake usiku wa manane na adhuhuri kama dunia nyingi, na Mswahili anaanza alfajiri na magharibi. Saa nne ya mwongozaji ni saa kumi yetu. Kila mtoto wa Pwani anajua kugeuza saa ya Kiingereza; amefanya hivyo shuleni na kwenye tiketi za ndege. Lakini kwa Kiarabu hana zoea hilo, kwa sababu Kiarabu chake ni cha dini, na saa za dini kwake ni majina ya sala. Ustadhi alitafsiri tarakimu akasahau kutafsiri saa. Lawama hizo si zake peke yake. Amesoma Kiarabu cha vitabu, na yule mwingine anasema cha mtaani, ambamo herufi jimu hutamkwa g na thamaniya inakuwa tamanya. Akili yote ilikuwa imekwenda kwenye kusikia maneno, haikubaki ya kufikiri.

Watu kumi wakasahihisha kimoyomoyo. Saa nne haiwezekani kwa mchana ule, basi atakuwa anamaanisha saa kumi. Waliulizana wawili wawili, wakakubaliana, wakaenda.

Wazee wanne nao walisahihisha vivyo hivyo, wakapata saa kumi, na bado wakakosea. Saa zao za mkononi zilikuwa zimewekwa kwa saa za Makka, ambazo ni sawa na za Mombasa na Unguja. Misri, tangu irudishe saa za kiangazi mwaka 2023, iko sawa nasi kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba, lakini wakati wa baridi iko nyuma kwa saa moja. Simu zilizopata mtandao zilijirekebisha zenyewe. Saa ya mshale haijirekebishi. Waliposhuka saa zao zilisoma tisa na dakika 40. Wakaona wamepewa dakika 20 tu, wakanung'unika kidogo, na kwa adabu ya watu wazima wasiotaka kuchelewesha wenzao, wakabaki palepale. Mlango wa al-Azhar ulikuwa ng'ambo ya barabara. Walikaa dakika 130 katika eneo ambalo msikiti huo unaonekana, hawakuingia.

Akina mama watatu hawakusahihisha kitu. Waliambiwa saa nne, wakachukua saa nne. Ndege ni saa saba usiku, hivyo kukutana saa nne usiku na kwenda uwanja wa ndege kulikuwa na mantiki kamili. Ustadhi na mwongozaji waliwapata saa kumi na dakika 45, mmoja wao akiwa amevua viatu anajaribisha makubadhi mapya, na kwa dhati kabisa akauliza kuna nini.

Dakika 50 zikawa zimepotea kwa kusubiri. Ni chini ya zile 60 za dukani, lakini hizi ndizo zilizomla Imam.

Kuba gizani

Magharibi ya siku ile iliingia saa kumi na moja na robo, basi likiwa njiani. Walifika msikiti wa Imam Shafi saa kumi na moja na dakika 25. Msikiti ulikuwa wazi kwa sala, lakini kuba lililo juu ya kaburi, ambalo ni jengo la mambo ya kale lenye saa zake za wageni, lilikwisha fungwa. Wakaswali Magharibi na Isha kwa kukusanya, wakasoma Fatiha wakiuelekea ukuta.

Inafaa kusema walichokikosa, kwa atakayefuata. Kuba hilo lilijengwa mwaka 1211 na Sultan al-Kamil wa ukoo wa Salahuddin, la mbao, limefunikwa risasi, na juu ya kilele chake pana mtumbwi mdogo wa shaba. Ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2021, na rangi za ndani sasa zinaonekana. Juu ya kaburi pana sanduku la mti wa msaji lililochongwa mwaka 1178, na fundi aliacha jina lake, Ubayd, seremala. Mtu aliyekulia karibu na milango ya Lamu au Unguja atasimama hapo muda mrefu kuliko mgeni wa kawaida. Nakshi hiyo si ngeni kwake. Jengo hili lina historia yake ya kisiasa pia. Salahuddin alipouangusha utawala wa Wafatimiya, waliokuwa Mashia wa Ismailia, alijenga madrasa ya Kisunni hapa kwa Imam, na khutba ya Ijumaa ikasimamishwa al-Azhar mpaka Sultan Baybars alipoirudisha karne ya 13. Al-Azhar tunayoijua leo, inayosomesha vijana wetu, ilitokea upande ule wa Kishia na kuja huku kwa Kisunni.

Siku ileile ikipangwa upya

Kuondoka hotelini saa moja na nusu, masweta mkononi, tiketi zimeshanunuliwa. Giza saa mbili na nusu, dakika 90 zinatosha kwa kundi lenye wazee ikiwa watatumia mabasi ya ndani na kushukia Sphinx. Saa nne asubuhi kuondoka, bila duka. Kwa barabara za Ijumaa, kabla ya saa tano mko kwa Imam.

Na hapo mswali Ijumaa. Najua wengi wataitaka ya al-Azhar, na mwenye kuitaka aende. Afike mapema, kabla ya saa tano na nusu, avae viatu vya kuvuliwa kwa urahisi na awe na mfuko wa plastiki wa kuvibebea. Lakini kwa kundi la watu 17 wenye umri tofauti, kukimbilia al-Azhar dakika za mwisho ni kutafuta kupotezana kwenye umati. Kwa Imam mnazuru kwanza, mnakaa, adhana inawakuta ndani. Sehemu ya wanawake iulizwe jana yake, si mlangoni. Mkitoka, msikiti wa Bibi Nafisa uko njiani kuelekea kaskazini. Alimfundisha Imam hadithi, na jeneza la Imam lilipitishwa kwake alisalie. Dakika 20 hapo si nyingi.

Chakula kiwe koshari, si mkahawa wa watalii. Ni wali, adesi, tambi na dengu katika bakuli moja, vitunguu vya kukaanga juu, mchuzi wa nyanya, na chupa mbili mezani: ya siki na kitunguu saumu, na ya pilipili. Hiyo ya pilipili ijaribiwe kwa tone. Kundi zima limeshiba kwa nusu saa.

Al-Azhar saa nane mchana, pamoja na mwongozaji, ndani ya ua. Dereva aambiwe msikiti, na aambiwe kwa uangalifu, kwa kuwa gamie ni msikiti na gamaa ni chuo kikuu, na kampasi kuu ya chuo iko Nasr City, upande mwingine wa jiji. Kama kundi lina ndugu anayesoma al-Azhar, aje. Ni mkalimani bora kuliko yeyote. Ila asipewe kazi ya kueleza magofu Giza, kwa sababu sheria ya Misri inamtaka mwongozaji mwenye leseni.

Baada ya hapo ndipo watu waachiwe, na hapa kuna kanuni moja tu ambayo ingeokoa siku nzima: usitaje saa, taja adhana. Katika Januari Alasiri ya Cairo huingia karibu na saa tisa alasiri, Magharibi saa kumi na moja na robo. Katika eneo la al-Azhar na msikiti wa Hussein ulio jirani yake hakuna kichochoro ambacho adhana haifiki. "Ikiadhiniwa Magharibi, kila mtu aje msikitini Hussein, tuswali, tuhesabiane" ni tangazo ambalo mzee mwenye saa ya Makka, kijana mwenye simu na mama mwenye sinia la shaba watalielewa namna moja. Kundi lisilo la Waislamu lionyeshwe uso wa simu wenye saa ya Cairo, kila mmoja aipige picha.

Muda huo wa soko ugawanywe kwa akili. Ijumaa maduka mengi ya Khan el-Khalili hufunguliwa baada ya sala, kwa hiyo mchana ni sawa. Asiyependa soko apande mtaa wa al-Muizz kuelekea kaskazini hadi Bab al-Futuh, lango la mwaka 1087, kama kilomita moja bila magari. Karibu na lango pana msikiti wa al-Hakim, uliokuwa umechakaa mpaka ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 1980 kwa juhudi za Mabohora, jamaa wa hawahawa wenye misikiti na maduka Mombasa na Dar es Salaam. Marmari yake nyeupe inang'aa mno kwa macho ya wapenda vitu vya kale, lakini kwa kupumzisha miguu hakuna ua mzuri zaidi mtaani humo.

Saa za basi

Limebaki jambo moja ambalo kundi halikulitazama mpaka lilipokuwa uwanja wa ndege. Walishushwa saa kumi na mbili na dakika 45, ndege saa saba usiku: saa sita na robo za kukaa kwenye viti vya chuma, huku jiji waliloshindwa kulimaliza liko zaidi ya kilomita 15 nyuma yao. Sababu ni mkataba wa basi, uliokwisha saa moja usiku. Hakuna aliyeuliza saa ya ziada inagharimu kiasi gani, na ingegawanywa kwa watu 17. Mtaa wa al-Muizz usiku ukiwashwa taa ni mzuri kuliko mchana, na Ijumaa usiku umejaa familia.

Kaunta za safari za nje hufunguliwa kama saa tatu kabla ya ndege. Kwa ndege ya saa saba usiku, hiyo ni saa nne. Akina mama watatu, peke yao kati ya watu wote waliokuwa kwenye basi lile, walikuwa wamepanga siku sawasawa.